Nani Anaokota Misumari?

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Mama alipoingia alisimama, akamwamkia shikamoo, akamsogezea kiti. Kisha, kabla mama hajakaa vizuri, akauliza: "Unatumia bima gani, mama?"

Mama akamtajia. Ni mwalimu mstaafu, na kadi yake ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huitunza kwenye pochi pamoja na kitambulisho cha kupigia kura. Daktari akaitikia kwa kichwa, akageukia kompyuta, ndipo akasema: "Haya, mama, nini kinasumbua?"

Kilichokuwa kinasumbua ni goti na presha. Alimpima kwa utulivu, akamsikiliza mpaka mwisho. Ila walipofika kwenye dawa alisita, akapekua orodha kwenye kompyuta, kisha akasema: "Ipo moja ambayo ningependa uitumie, lakini haimo kwenye kitita cha bima. Nikikuandikia hiyo utalipia mfukoni. Hii nyingine imo. Tuanze nayo?"

Mama akakubali. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Umeona? Kadi imetangulia, goti limefuata."

Kauli hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa.

Nimeigeuza huku na huku nikitafuta wa kumlaumu, maana lawama ingenipumzisha. Daktari alituepusha na safari ya kwenda dirisha la dawa, kuambiwa "hii bima haitoi", kisha kurudi kupanga foleni upya ili abadilishe cheti. Mfuko nao una orodha yake, na mfuko wowote wa bima duniani lazima uwe na orodha. Hospitali inataka ilipwe kwa ilichotoa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote ukizisikiliza zina mantiki.

Hata hivyo, uamuzi kuhusu goti la mama yangu ulianzia mahali ambapo goti halikuwepo.

Upande wa pili wa dirisha

Binti wa mama yangu mdogo anafanya kazi kwenye kitengo cha madai cha hospitali moja ya binafsi, mkoa mwingine. Nilimpigia simu jioni moja nikitaka tu anifafanulie kitita, ile orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko hulipia, tukaishia kuongea mpaka salio langu likaisha, akanipigia yeye.

Sikujua kazi yake ni nzito namna ile. Kila mgonjwa wa bima huacha nyuma yake fomu: amepimwa nini, ameandikiwa dawa gani, amelazwa siku ngapi. Kila kitu kina bei yake kwenye kitita. Fomu hukusanywa, hukaguliwa, hutumwa Mfuko. Huko nako kuna wakaguzi wanaopitia upya, na wanachokitilia shaka hukikata. Saini ikikosekana, wanakata. Kipimo kisipolingana na ugonjwa ulioandikwa, wanakata. Kituo kikitoa dawa isiyoruhusiwa kwa ngazi yake, wanakata.

"Dada," akaniambia, "mwisho wa mwezi tunakaa kikao, na makato yanasomwa kwa jina la daktari."

Hapo ndipo nikamwelewa yule kijana. Anapouliza bima kabla ya ugonjwa, kichwani mwake kimeshakaa kikao cha mwisho wa mwezi.

Lakini mdogo wangu hakuishia hapo, na aliyoyasema baadaye ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Alisema mgonjwa wa keshi akija na homa atapimwa malaria na damu, basi. Mgonjwa wa bima akija na homa ileile anaweza kutoka na karatasi ndefu ya vipimo na mfuko uliojaa dawa. Daktari si mwizi. Hospitali inalipwa kwa kila huduma inayotolewa, kwa hiyo huduma ikiongezeka, pato linaongezeka. Mgonjwa naye anafurahi, anaona amehudumiwa.

Kwa hiyo Mfuko unaogopa hospitali, hospitali inaogopa makato, daktari anaogopa kikao. Katikati ya hofu hizo tatu ameketi mgonjwa, anaulizwa kadi.

Na wote wana haki ya kuogopa. Mfuko umelalamika hadharani kwa miaka mingi kuhusu udanganyifu: fomu za huduma ambazo hazikutolewa, kadi zinazoazimwa kwa ndugu. Sisi wenyewe tunajua haya hutokea, tena kwenye familia zetu.

Machi 2024

Hofu hizo zilipogongana tulizishuhudia wote. Mfuko ulitangaza kitita kipya chenye bei mpya, kianze tarehe 1 Machi 2024, kuchukua nafasi ya kile cha mwaka 2016. Hospitali binafsi, kupitia chama chao cha APHFTA, zikasema bei hizo hazilingani na gharama zao, na nyingi zikatangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko. Serikali ikaelekeza watu waende hospitali za umma na nyingine zinazoendelea kuwapokea. Baadaye wakakaa, wakazungumza, huduma zikarejea.

Nilifuatilia mjadala ule siku baada ya siku, kwenye redio na magazeti, na nikirudi nyuma sasa naona umenifundisha jambo moja. Wote walizungumzia bei. Bei ya kumwona daktari bingwa, bei ya dawa, bei ya kusafisha damu. Serikali ilisema bei zimefuata soko, hospitali zikasema soko hilo ni la wapi.

Sikumsikia mtu akiuliza kama kulipa kwa kila kitu kimoja kimoja ndiyo njia tunayoitaka.

Maana ukishakubali kwamba hospitali ilipwe kwa kila kipimo na kila kidonge, vita vya bei haviishi. Mwaka huu mtapatana, mwaka kesho bei ya dawa itapanda, mtarudi mezani. Na kila mara mtakaporudi, kuna mgonjwa wa kisukari ameshika kadi mlangoni anaambiwa asubiri.

Jangwani, senti tano

Nilianza kusoma kuhusu njia nyingine za kulipa. Kisa kilichonishika zaidi kimetokea mbali sana na kwetu, kwenye jangwa la Mojave huko California, mwaka 1933.

Daktari kijana, Sidney Garfield, alijenga hospitali ndogo ya vitanda kumi na viwili ili kuhudumia maelfu ya vibarua waliokuwa wakichimba mfereji wa kupeleka maji Los Angeles. Akawa anatibu, kisha anadai malipo kwa kila mgonjwa kutoka kampuni za bima. Kampuni zilichelewa, zilibishana naye, nyingine zikapendelea majeruhi wapelekwe mjini. Vibarua wengi wenyewe hawakuwa na kitu. Haikuchukua muda akawa karibu kufilisika.

Ndipo likaja wazo la kugeuza utaratibu wote. Kampuni za bima zimlipe senti tano kwa kila kibarua kwa kila siku, awe ameumia au hajaumia, na yeye atawatibu wote wanaoumia kazini. Baadaye vibarua wakaongeza senti tano zao kwa magonjwa mengine. Fedha ikaja kabla ya ugonjwa, na hospitali ikasimama.

Inasimuliwa kwamba baada ya hapo Garfield alianza kutembelea maeneo ya kazi. Akiona majeruhi wengi wa kukanyaga misumari wanatoka sehemu moja, alikwenda huko kuhimiza mbao zenye misumari ziondolewe. Kabla ya mabadiliko yale, kila mguu uliochomwa na msumari ulikuwa mapato kwake. Sasa kila mguu uliochomwa ulikuwa gharama.

Nilipofika hapo niliweka simu chini nikakaa kimya.

Ni daktari yuleyule, kwenye jangwa lilelile, na misumari ileile. Kilichobadilika ni jinsi fedha ilivyomfikia, na miguu yake ikaanza kwenda mahali ambapo haikuwa na sababu ya kwenda mwanzo. Utaratibu huo aliuendeleza na mkandarasi tajiri, Henry Kaiser, kwenye ujenzi wa bwawa la Grand Coulee, kisha kwenye viwanda vya meli wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1945 ukafunguliwa kwa umma. Leo ni mpango mkubwa wa bima na hospitali unaojulikana kwa jina la Kaiser Permanente.

Kwa siku kadhaa niliamini nimepata jibu. Lipa kwa kichwa badala ya kulipa kwa huduma. Zahanati ipewe fedha ya watu wake wote mwanzo wa mwaka, ibaki na kazi ya kuwafanya wasiumwe.

Senti tano zikigeuka

Kisha nikasoma yaliyofuata.

Mwaka 1973 Marekani ilipitisha sheria ya kuhamasisha mipango ya aina hiyo, na kampuni za kibiashara zikaingia kwa nguvu. Mnamo miaka ya 1990 Wamarekani wengi walikuwa wameichoka. Fedha imekuja mapema, kwa hiyo kila huduma inayonyimwa ni akiba. Kuna mikataba iliyowabana madaktari wasimtajie mgonjwa matibabu ambayo mpango haulipii, mpaka majimbo mengi yakaipiga marufuku. Akina mama walikuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani mapema mno baada ya kujifungua. Mwaka 1996 ilibidi Bunge la nchi ile litunge sheria kwamba mpango wa bima hauwezi kuweka kikomo cha chini ya saa 48 kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida, na saa 96 kwa aliyefanyiwa upasuaji.

Fikiria. Nchi tajiri kiasi kile, na muda wa mzazi kukaa kitandani unapigiwa kura bungeni.

Majirani zetu wa Kenya nao waliijaribu njia hii kwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya wa kwao. Mwanachama alichagua kituo kimoja cha matibabu ya nje, na kituo kikalipwa kwa idadi ya waliokichagua. Aliyewahi kuishi na utaratibu huo atakuambia kero yake: ukishajiandikisha kituo kimeshalipwa, na siku unayokwenda unaweza kuambiwa dawa hakuna.

Kwa hiyo kulipa kwa huduma kunamshawishi mtoa huduma azidishe, na kulipa kwa kichwa kunamshawishi apunguze. Nilizunguka hapo kwa muda mrefu. Nilikaribia kuacha kuandika makala hii, maana sikuona faida ya kuwaletea wasomaji wangu mtego wenye milango miwili ambayo yote imefungwa.

Kilichonitoa ni kumrudia Garfield na kumwangalia vizuri zaidi. Vibarua wake aliwajua. Alikula nao vumbi moja. Kama angewanyima tiba, wangekuwa wanachechemea mbele ya macho yake, na kesho yake wangerudi palepale mlangoni wakiwa hoi zaidi, kwa gharama yake mwenyewe. Aliyeshika fedha, aliyetibu na aliyeona matokeo alikuwa mtu mmoja. Kwenye zile kampuni za miaka ya 1990 aliyekata alikuwa ofisini, mji mwingine, akiangalia hesabu za robo mwaka, na mgonjwa angeweza kuhamia mpango mwingine kabla madhara hayajaonekana.

Umbali ndio uliobadilika.

Nikaanza kuiangalia nchi yangu kwa jicho hilo.

Mifuko yetu na misumari yetu

Chukua CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ya watu sita ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka, ukiacha Dar es Salaam ambako kiwango kilikuwa cha juu zaidi. Gawanya mwenyewe: shilingi 5,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Serikali iliongezea mchango wake, ule tunaouita tele kwa tele. Mwanachama alianzia zahanati, akaenda kwa rufaa kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mpaka ya mkoa.

Nawaheshimu waliobuni utaratibu huu, tangu majaribio ya Igunga mwaka 1996. Hizi ni juhudi za kumfikia mkulima ambaye hana mshahara wa kukatwa asilimia tatu. Lakini fedha ikiwa ndogo kiasi hicho, mwanachama hukutana na udogo wake kwenye kabati la dawa la zahanati. Anaambiwa akanunue duka la jirani. Mwaka unaofuata halipi tena, na wanaobaki ni wale wanaojua kwamba wanaumwa.

Toto Afya Kadi ilipita njia hiyohiyo. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kupitia shule au vifurushi vya familia. Maelezo ya Serikali yalikuwa kwamba wazazi wengi walikuwa wanawaandikisha watoto ambao tayari ni wagonjwa. Wazazi wengi niliowasikia waliliona kama katazo la kikatili, na kwa mzazi mwenye mtoto wa sikoseli lilikuwa hivyo kweli. Lakini hakuna mfuko unaoweza kusimama ikiwa wanaoingia ni wagonjwa peke yao. Mambo yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana sheria ya bima ya afya kwa wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeamua kwamba kila mkazi lazima awemo.

Hilo naliunga mkono kwa moyo wote.

Ninachokiogopa ni kingine. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hawa ndio waokota misumari wetu. Ni wale wanaopita nyumba kwa nyumba: mama mjamzito ambaye hajahudhuria kliniki, mtoto aliyechelewa chanjo, mzee aliyeacha dawa za presha kwa sababu amejisikia nafuu. Mhudumu mmoja akimrudisha mzee huyo kwenye dawa, ameepusha kiharusi, ameokoa wiki kadhaa za kulazwa hospitali ya mkoa, ameokoa familia isiuze kiwanja.

Sasa niambie, nani anafaidika kifedha?

Bima ndiyo inayookoa fedha. Mhudumu analipwa posho kutoka mahali pengine kabisa. Hospitali inayolipwa kwa huduma imepoteza mgonjwa. Zahanati haikupata chochote cha ziada kwa kuwa na wazee wasiopata kiharusi. Tumempa mmoja kazi ya kuokota misumari, mwingine tukampa mkoba wa kulipia majeraha, na hatujawakalisha meza moja.

Hili halitatatuliwa na bei mpya za kitita, hata zikiwa za haki kiasi gani.

Kenya, walipoibadilisha NHIF kuwa SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, Oktoba 2024, angalau waliliona hili kwa upande mmoja. Waliitenga fedha ya huduma za msingi kwenye mfuko wake, inayotoka serikalini, ili zahanati na vituo vya afya visitegemee kama jirani yako amechangia ama la. Mengi yamewakwama, na Wakenya wenyewe wameyasema kwa sauti kubwa kuliko nitakavyoweza mimi. Lakini wazo lenyewe ni sahihi, na sioni aibu kuliomba liangaliwe hapa.

Ninachotaka kukiona

Sheria ikishapita, maisha ya watu hukaa kwenye kanuni na mikataba. Huko ndiko nataka wenye uwezo kuliko mimi wapeleke macho: madaktari, vyama vya wafanyakazi, wabunge wa kamati inayohusika na afya.

Nataka ngazi ya zahanati na kituo cha afya ilipwe kwa kichwa, fedha ifike mapema na iwe ya kutosha kujaza kabati la dawa, na sehemu ya malipo itegemee afya ya watu wa eneo hilo: presha zilizodhibitiwa, watoto waliochanjwa, wajawazito waliofika kliniki mapema. Wahudumu wa jamii walipwe kutoka fungu hilohilo, ili mganga mfawidhi wa zahanati awahitaji kwa dhati, si kwa sababu ametumiwa waraka.

Hospitali kubwa ni habari nyingine. Huko upasuaji ni upasuaji, na sina tatizo na malipo kwa huduma mradi ukaguzi uwe wa madaktari kwa madaktari. Daktari anayekata kipimo cha mwenzake aweke sababu ya kitabibu inayoeleweka. "Haikulingana" haitoshi.

Na nataka mwanachama aone. Kila baada ya matibabu apate ujumbe kwenye simu yake: umepimwa hiki, umepewa hiki, hospitali imedai kiasi hiki. Mama yangu alifundisha hesabu kwa miaka mingi. Akipata ujumbe unaosema amelazwa wakati alikuwa nyumbani anapalilia mchicha, Mfuko hautahitaji mkaguzi, utapigiwa simu na yeye.

Jambo la mwisho ndilo ninalolishikilia kuliko yote, kwa sababu kila njia ya kulipa ina siku yake ya kumnyima mtu. Mgonjwa akikataliwa dawa, kipimo au rufaa, awe na mahali pa kupeleka malalamiko palepale hospitalini, kwa mtu ambaye halipwi na hospitali. Apewe jibu ndani ya siku chache, si miezi. Jibu liwe la maandishi, kwa Kiswahili, likitaja aliyeamua na sababu aliyoitumia, ili mgonjwa akienda kwa daktari mwingine awe na karatasi mkononi ya kuanzia mazungumzo.